Ua la Nyuma ya Nyumba Yetu Timbwani

Nairobi,
Kumi la kwanza la Ramadhani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ushajibu marahaba kabla jirani yetu Bi Zuhura anayekusomea hajafika mwisho wa mstari, kwa hiyo naendelea. Mguu waendeleaje? Ule uvimbe umepungua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku yanitia adabu. Nafuturu nimevaa sweta mbili.

Kifurushi chako cha pili kilifika salama Ijumaa iliyopita, na barua hii ni ya kukushukuru. Lakini shukrani zenyewe hazitaeleweka nisipokwambia mambo niliyokuficha nisikutie wasiwasi.

Kazi yangu waijua: nabandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu katika jumba hili la kuhifadhi mimea, basi. Mwezi wa Rajabu nilipewa karatasi moja kuukuu niitengeneze, gundi yake ilikuwa imeachia. Juu yake palikuwa na ua la zambarau lenye kitovu cha manjano, na maandishi kwamba lilichumwa na Mzungu mmoja zamani sana, ng'ambo ya Mombasa upande wa kusini. Tangu hapo halijachumwa tena pwani yetu, na wakubwa wa hapa walikwisha kulikatia tamaa. Mama, nililitazama nikacheka peke yangu. Si ndilo lile linaloota pembeni mwa kaburi la bibi nyuma ya nyumba! Nikaropoka mbele ya watu wote, "Hili liko kwetu."

Mzee Mutiso, mkuu wa chumba chetu, akaniangalia juu ya miwani. "Uko na uhakika? Hii kitu iko na ndugu wengi."

Ni kweli, ukoo wake ni mkubwa. Alizeti ni wao, mchunga ule utupikiao kwa nazi ni wao, hata kishona nguo kinachotunasa mabuibui ni wao. Tabia yao ni moja: unachokiona ua moja ni vijiua vingi vimekaa pamoja kama wageni kwenye mkeka. Na hili letu lina ndugu yake hasa, ameenea pwani nzima, usoni huwezi kuwatofautisha.

Mwenzangu mmoja akasema Waswahili kwa maneno hawajambo. Lilinichoma. Miaka mitatu nimekaa hapa nashika gundi tu, na siku ya kwanza kufungua mdomo naonekana mwongo. Ndiyo maana nikakuandikia mbio unitumie mche mmoja.

Basi ulipofika! Umeuosha, umekata mizizi, umepukusa majani ya chini yaliyonyauka, manyoya ya mbegu umeyakung'uta, ukaufunga kwa ukindu kama kicha cha mchicha. Mzee Mutiso akaugeuza mara mbili. "Mwanaidi, hii ni ya kupima ama ni ya kupika?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Kumbe kinachowatenganisha ndugu hawa ni yale majani ya chini kabisa yanayogusa udongo, na yale manyoya ya mbegu. Yote mawili umeyatupa kwa usafi wako! Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuthibitisha lolote, nijaribu tena kama kwetu miche bado ipo.

Nikakuandikia usioshe, usikate, utume na udongo wake. Jibu lako kwa mkono wa Bi Zuhura ninalo mpaka leo: "Mwanangu, mimi nimelelewa. Situmi taka kwa watu wa kazini kwako, wakaja kusema nyumba ya kina Mwanaidi haina maji. Lakini kwa kuwa wasema ni haja yako, n'tatuma, na aibu iwe yako."

Nilicheka hadi machozi. Yaliyokupata sikuyajua mpaka Mjomba Hamisi aliponieleza kwa simu. Kwamba alikuja na panga kusafisha kaburi kabla ya Ramadhani kama kila mwaka, ukasimama mbele yake ukamwambia, "Fyeka kote, Hamisi, pembe hii wacha." Kwamba majirani walianza kusema Mwanasiti siku hizi mvivu, Ramadhani yaingia na kaburi la mamake lina magugu. Wewe, ambaye ufagio haukutoki mkononi! Ulikaa na maneno hayo majuma mawili ukingoja mbegu zikomae, na vichwa vya maua umevifunga kwa vipande vya leso yako, manyoya yasipeperuke. Mama, sijui nikulipe nini. Mungu akupe afya na umri.

Jumatatu Mzee Mutiso alifungua kifurushi mwenyewe. Udongo wa kwetu ukamwagika mezani. Akalitia jani la chini kwenye darubini, upande wake wa chini ni mweupe kwa vinyweleo. Akafungua kitambaa cha leso, akachomoa mbegu moja kwa kibanio. Manyoya yake yamekaa safu mbili, marefu na mafupi. Yule ndugu wa kila mahali ana safu moja tu. Mzee akairudisha mbegu kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Ni yenyewe." Akainuka akanipa mkono mbele ya wote, na yule mwenye maneno yake akiwemo. Nililia, mama, wala sikuficha. Sasa amenihamishia meza ya darubini, anifundishe kutambua.

Miche iliyobaki usiing'oe. Mzee anataka kuja kuiona baada ya Idi, na nakujua: usimfagilie ile pembe.

Nisalimie Mjomba Hamisi na panga lake, dada yangu Rukia wa Mtopanga pamoja na wanawe, na mwalimu wangu wa chuoni. Bi Zuhura nampa shukrani zake mwenyewe, kwa macho na mkono anaotuazima.

Limebaki moja. Kila mmea hapa hubandikiwa kikaratasi chenye jina la aliyeuchuma, na hukaa kabatini hata sisi tukiwa hatupo. Mzee alianza kupiga jina langu kwa taipureta. Nikamwambia mimi sikuinama, aliyeinama yuko Timbwani. Akachukua kikaratasi kingine. Bi Zuhura, hapa tafadhali soma polepole, kisha mshike mama kidole umpitishe juu ya kila herufi:

MWANASITI BINTI OMARI.

Mama, ndivyo jina lako linavyoandikwa.

Mwanao,
Mwanaidi