Herufi Nene Msalabani

Kisarawe, Jumanne, Juni 1949

Bado naiona ile O. Herufi zile nilizichora kwa bikari ziwe za kibao cha duka: nene, za mviringo, zisizo na pembe. Mwenye duka akazikataa. "Binti, herufi zako zimevimbiwa!"

Mama Tomasi aliponiomba niandike jina la marehemu mwanawe Tomasi, mwanafunzi wangu, msalabani, nikatumia hizo hizo. Nilitaka tu zionwe na watu.

Leo makaburini, msalaba ule ulifanana na tangazo la sabuni. Niliona aibu. Lakini Mama Tomasi, asiyejua kusoma, alipitisha kidole polepole kwenye ile O.

"Mwalimu, kumbe uliyakumbuka mashavu yake. Ahsante, mwanangu."

Nikaitika, "Ndiyo, mama."

Mtoto sikumkumbuka hata mara moja. Nilikuwa nikiiwaza O yangu.