Herufi Moja Katika Muthokoi Wako

Mwaitu, mama yangu,

Kitabu chetu cha mapishi kiko tayari kwa mpiga chapa pale mjini Machakos, isipokuwa ukurasa mmoja. Jamaa wa mashine alinipigia simu asubuhi, kwa upole wa mtu aliyechoka kuwa mpole. "Mwalimu, tuchapishe ama tungoje?" Nikamwambia angoje. Sikumwambia namngojea nani, maana angeniona nimechanganyikiwa. Wewe nitakuambia.

Unakumbuka kilivyoanza. Wajukuu wako wa Syokimau walikuja Kangundo Krismasi, wakala muthokoi mpaka wakalegea, kisha yule mkubwa akauliza mahindi hayo ya kukobolewa yanauzwa duka gani yakiwa yameshaiva na maharagwe yake. Ulicheka mpaka leso ikakuanguka. "Nikikufa, hawa watakula karatasi," ukasema. Basi ndugu zangu wakakubaliana tutengeneze kitabu cha ukoo, chenye picha, kila nyumba ipate nakala, na kazi ya kuandika nikatupiwa mimi kwa kuwa nafundisha Kiswahili. Kikamba cha hao watoto ni cha salamu tu, ndiyo maana nikakuomba unieleze kwa Kiswahili huku nakurekodi kwa simu.

Zile alasiri za jikoni kwako nazililia mpaka leo. Ulikaa kwenye kigoda, moshi ukikupita usoni bila kupepesa macho, nami nakuudhi kwa maswali ya vikombe na vijiko. Chumvi kiasi gani? "Ya kutosha." Maharagwe? "Inategemea watu." Maji? Hapo ulinyamaza. Ulikuwa na namna yako ya kunyamaza juu ya sufuria, umeinamisha kichwa upande mmoja kama mtu aliye kwenye simu yenye mtandao mbaya. Kisha ukasema, "Unaongeza maji kidogo kidogo. Akikuambia tosha, unatoa kwa moto."

Ukatuacha kabla hatujafika kwenye mboga.

Nilipoketi kuandika hapa nyumbani Mumbuni, nilikusahihisha. Mwalimu hawezi kujizuia. Sufuria si mtu, kwa hiyo nikafuta *a*, nikaweka *i*: "Ikikuambia tosha, epua." Nikazitumia nyumba zote zijaribu kupika. Wifi yangu wa Matuu ndiye aliyejibu kwanza. "Imeiva vizuri," akasema, "lakini ni kama haina mwenyewe." Wengine wakasema hivyo hivyo kwa maneno yao. Muthokoi wangu nao ulikuwa mahindi ya kuchemsha tu, hata paka alinitazama.

Nikarudi kwenye sauti zako kutafuta nilichoruka. Nilisikiliza zote, na katikati ya maelezo ya ndengu nikashtuka. Wewe, Mwaitu, ngeli zote ulizimaliza kwa *i*. Kiti imevunjika. Mti imekauka. Kitabu yangu iko wapi. Maisha yangu yote sijawahi kukusikia ukikiwekea *a* kitu kisichopumua. Hiyo uliwawekea watu na ng'ombe wako, basi. Huyo wa "akikuambia tosha" hakuwa sufuria.

Nikarudisha nyuma. Katika kila pishi kuna ule ukimya, na mwisho wake, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tulipokuwa wote, unasema "haya," kama mtoto anavyomwitikia mkubwa. Nikaweka simu sikioni, sauti nimeipandisha mpaka mwisho, nisikie unaitikia nini. Kulikuwa na moto tu.

Nilimpigia dadako, mama mdogo Mutheu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Kwani ulifikiria ni nani alikuwa anampimia?" akasema. "Ni marehemu mama yetu. Na yeye alikuwa anaambiwa na mamake."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naogopa. Napika chapati."

"Lakini sisi ni watu wa kanisa, mama."

"Na nani amekuambia Mungu anakataza mtu kusikiza mamake?"

Jumamosi, baada ya baba watoto kutoka na watoto, niliinjika sufuria kwenye gesi. Nikazima redio. Nilijionea haya, mtu mzima na akili zangu, kusimama jikoni mchana nikitega sikio. Lakini kusema kweli, Mwaitu, wakati huo kitabu nilikuwa nimekisahau. Nilitaka kukusikia. Tangu tukuzike hata ndotoni hujanijia, nami nilianza kuogopa kwamba zile sauti za kwenye simu ndizo zote nilizobakiwa nazo. Niliongeza maji kidogo kidogo. Nikangoja. Mahindi yakalainika, maharagwe yakapasuka, nikaonja, yameiva. Hukusema kitu. Nikalia kidogo, nikazima gesi.

Mkono ulikuwa bado kwenye swichi. "Bado," ukasema.

Ilitokea nyuma ya bega langu la kushoto, karibu, kwa ile sauti uliyotukataza nayo kufunua sufuria tukiwa wadogo. Sikugeuka. Sijui kwa nini nilijua nisigeuke. Nikasema haya, nikawasha gesi tena. Niliogopa sana, na nilifurahi sana.

Jioni baba watoto alionja, akaweka kijiko chini, akauliza nani amekuja kutoka Kangundo.

Kesho nitamwambia mpiga chapa arudishe *a* mahali pake. Watakaosoma watasema mwalimu mzima amekosea ngeli, na waseme. Ila jambo moja linaninyima raha. Nimepika tena tangu siku ile, na kila mara naepua kwa kukisia, kwa sababu tosha hujaisema. Husema bado, kisha unanyamaza, na mimi sina hakika tena kama ni habari ya mahindi.

Barua hii nilitaka kuimalizia kwa kukuaga. Siku ya mazishi watu walinivuta pembeni kabla kwaheri haijanitoka. Sasa siitoi. Ni wewe uliyesema bado.

Bintiyo wa Mumbuni