Kadi za Harusi Juu ya Jiwe la Dagaa

Jumamosi usiku

Nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba jiwe la nyuma ya nyumba si meza yake. Mama Rehema, jirani yetu, huanika dagaa pale. Lakini tangu mume wangu astaafu na kujifunza kutengeneza karatasi, kila kilicho bapa ni chake cha kuanikia, na sufuria yangu ya ugali sasa inachemsha magugu maji ya ziwani.

Nakiri karatasi zimetoka nzuri. Ametengeneza kadi za harusi ya Neema wetu, na kesho zinavuka kwenda Sengerema kwa wakwe. Tatizo zinanuka dagaa. Yeye ana mafua, hasikii harufu yoyote.

Jioni ameniita. "Mama Neema, njoo uone."

Paka wa Mama Rehema alikuwa amezikalia kadi, anailamba moja taratibu.

"Hata mnyama anaijua kazi nzuri," akasema, anatabasamu kama bwana harusi.

Ningemwambiaje? Nimemjibu ni kweli, paka yule ana jicho. Habari za pua nimeziacha.

Mungu anisamehe, lakini naomba mama mkwe wa Neema naye aamke kesho na mafua.