Fundo la Ng'ambo ya Jiwe Jeusi

Kigoma, 14 Agosti 2023

Binti yangu Bibiche,

Salamu zikufikie wewe, mama yako na wadogo zako, na zimfikie baba yako pia, hata kama hataziitikia. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee wa miaka sabini na moja: goti linalalamika asubuhi, jicho la kulia lina utando, lakini bado nasoma, na chai naipika mwenyewe.

Mahmoudi, aliyekuletea barua hii, amekuletea na boksi. Ndani mna kamera. Kabla hujafurahi au kukasirika, soma hadi mwisho.

Tangu uliponitafuta mwaka juzi, ukaniita Tonton kwa kuwa mimi ni ndugu wa baba yako, umeniomba kitu kimoja tu: kamera ya kubadilisha lenzi, kama za wapiga picha wakubwa wa mjini. Nimekununulia ya aina nyingine. Lenzi ya hii haitoki. Imezaliwa nayo na itazikwa nayo. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika studio ya picha hapa karibu na stesheni ya reli, kwa hiyo sikubahatisha. Lenzi hii moja inaanza na upana wa ukumbi mzima wa harusi, kisha inarefuka hadi kukivuta kitu mara sitini. Kwa kamera uliyoitaka, urefu huo ungehitaji lenzi ndefu kama mkono wako na nzito kama mtoto wa miezi sita, na usingepata ya pili ya kubadilishana nayo. Tena Kisangani ni mji wa unyevu. Kila unapoifungua kamera unaingiza hewa ya mto ndani, na baada ya mvua chache ukungu umeota kwenye kioo kama kwenye mkate. Nimezika lenzi nyingi za namna hiyo.

Ubaya wake nao nitausema. Jicho lake la ndani ni dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Penye mwanga hafifu, kanisani kwa mfano, picha zitakuwa na chembechembe. Na kitufe kiko upande wa kulia. Mimi wa mkono wa kushoto nimeteswa na kamera maisha yangu yote, ila wewe hutapata taabu.

Nina ombi. Utakapoizoea, nenda kwenye maporomoko asubuhi, ukae ukingoni, uvute hadi mwisho kuelekea miti ya uvuvi ya ukoo wetu, zile nguzo za kutundikia mitego ya samaki katikati ya maji, ile ya ng'ambo ya jiwe jeusi lenye mgongo. Piga hapo, unitumie. Ni macho ya mzee tu yanayotamani.

Tonton wako,
Hubert


Kisangani, 2 Oktoba 2023

Tonton Hubert,

Salamu sana. Huku tuko, Mungu anatusaidia. Mama anakusalimia, watoto wanakusalimia. Goti ulipake mafuta ya mawese ya moto, Mama ndiye anasema. Papa hakutuma salamu. Nilimwonyesha kamera, akaigeuza-geuza mikononi, akasema tu: "Iko na jicho murefu." Akarudi kusuka migono yake ya samaki.

Asante, Tonton. Ninaandika asante kwanza ili usifikiri sina adabu. Bon, sasa nitasema ukweli.

Nilikwenda nayo kwenye harusi ya Solange, binti wa jirani. Misa ilichelewa, umeme ukakatika, kanisa likawa giza. Picha zangu zimetoka kama mtu amemwagia bibi harusi semolina. Rolly, mpiga picha wa mtaa wetu, alikuwa pale na apareyi yake, kamera ya objectif tatu, yaani lenzi tatu. Aliniangalia nikivuta lenzi, akasema mbele ya watu wote: "Bibiche, hii haiko apareyi ya kazi, iko jumelles, darubini ya kuangalia nayo ndege!" Watu wakacheka, hata padri. Na Tonton, watu wa hapa wanapenda kukuona ukibadilisha objectif. Ukitoa moja ukaweka nyingine, wanajinyoosha, wanajifuta jasho, wanajua sasa kazi imeanza. Mimi sina cha kutoa wala cha kuweka.

Donc nimefikiri. Wewe ni mtu wa studio. Ulijua mimi ninatafuta kazi ya harusi na komunyo, na hizo zote ziko ndani ya kanisa. Ulijua hii haioni vizuri ndani. Kwa nini ulichagua kitu cha kuangalia mbali kwa mtu anayefanya kazi karibu?

Picha ya miti sikupiga. Mwanamke haruhusiwi kupanda juu ya miti ile, unajua, na nikisimama ukingoni na jicho hili refu wavuvi wataniuliza ninatafuta nini. Ninatafuta nini, Tonton?

Binti yako,
Bibiche


Kigoma, 20 Novemba 2023

Binti yangu Bibiche,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini homa ya mdogo wako, ambayo Mahmoudi alinieleza, imepungua. Hapa mvua zimeanza. Mawese nimepaka, na mama yako aambiwe kuwa goti limenyamaza kidogo.

Umeuliza vizuri, na swali lako limenikosesha raha. Kila nilichokuandikia kuhusu unyevu na uzito ni kweli. Lakini mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akadanganya. Nilichagua lenzi ndefu kwa sababu yangu, si yako. Kwa kuwa hupandi kwenye miti, nilitaka uone kutoka ukingoni kile ambacho mimi siwezi kukiona nikiwa huku.

Mwaka 2000, mwezi wa sita, majeshi mawili ya kigeni yalipigana siku sita ndani ya mji wetu. Wewe ulikuwa na miaka miwili. Siku ya pili niliuchukua mtumbwi wa ukoo, nikampakia mke wangu na watoto watatu. Baba yako alibaki na bibi yako, ambaye hakuweza kutembea, na mama yako akiwa amekubeba mgongoni. Nilimwambia Anselme, "Nisubiri hapa majini, narudi." Nikavuka. Upande wa pili nilikaa chini nikayasikiliza makombora. Mtumbwi ulikuwa mzima. Mikono yangu ilikuwa mizima. Maji hayakuwa mabaya. Sikurudi. Siku ya nne bibi yako alikufa ndani ya nyumba. Habari zilinikuta njiani kuelekea Kindu, na badala ya kunirudisha, aibu ilinisukuma mbele hadi ziwani, hadi huku.

Baba yetu alituachia nguzo mbili ng'ambo ya jiwe jeusi: ya Anselme juu, yangu chini yake. Kwetu, mtu akitoka katika ukoo, kwa kifo au kwa kukataliwa, hakuna mkutano na hakuna maneno. Maji yakipungua watu huenda kufunga upya nguzo zao, na yake haifungwi. Mto huichukua. Au hupewa mwingine, naye huifunga kwa mkono wake. Ndiyo maana siwezi kumwuliza mvuvi yeyote. Kuuliza habari za nguzo yako ni kuuliza kama wewe bado ni mtu.

Nataka kujua kabla sijafa. Basi, hilo ndilo unalotafuta.

Kama utakubali: saa moja asubuhi, kabla hewa haijaanza kutetemeka kwa joto. Egemeza kamera juu ya ukuta. Iweke isubiri sekunde mbili baada ya kubonyeza, ili kidole chako kisiitikise. Nguzo peke yake haitoshi. Naomba fundo, pale kamba inapokutana na mti. Nikiliona nitajua.

Na kama hutakubali, peleka kamera sokoni, uibadilishe na ile uliyoitaka. Sitakulaumu. Niliyetumia zawadi kama chambo ni mimi.

Tonton wako,
Hubert


Kisangani, 11 Machi 2024

Tonton,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa Papa anakohoa tangu Noeli. Mahmoudi alipita hapa mara mbili akiuliza kama nina barua, na mara mbili nikamwambia sina. Hii ni safari yake ya tatu. Usimlaumu yeye.

Nilikasirika. Nilikwenda sokoni na kamera, nikampata mtu wa kubadilishana, Faustin, anayeuza simu. Alikuwa tayari na apareyi ya objectif mbili. Nikaiweka yangu mezani kwake. Kisha nikafikiri: Bibi alikufa nikiwa ndani ya nyumba ileile na sikumbuki hata uso wake. Ninyi wawili ndio watoto wake, na hamsemezani. Nikaichukua kamera yangu. Faustin akaniita mwenda wazimu.

Sikumwuliza Papa. Nilisubiri maji yapungue. Mwezi uliopita aliamka na kikohozi chake, akachukua kamba za porini alizokata mwenyewe. Mama akamwambia: "Anselme, we muzee, tuma vijana!" Akajibu: "Vijana hawajue." Akaenda. Nikamfuata kwa mbali.

Nilifanya kama ulivyoandika. Ukuta, saa moja, sekunde mbili. Nikavuta mpaka mwisho. Tonton, pale ninapoonaga mutu mudogo kama mchwa, nikaona jasho shingoni mwa Papa. Nikaona mdomo wake ukihesabu mizunguko. Niliogopa kumwona hivyo, kama nimemfungulia mlango bila kubisha.

Nguzo ziko mbili. Ya chini alikuwa ameifunika kwa mgongo wake. Nikapiga kumi, zote mgongo. Kisha akageuka akatazama ukingoni, moja kwa moja kwenye lenzi. Nikafikiri atapiga kelele. Hakupiga. Akasogea. Alisimama pembeni ameshika mti, akangoja, mpaka nikapiga ya kumi na moja. Halafu akarudi kazini.

Nyumbani alirudi kwenye migono yake, na mimi nikatoa kadi kwenye kamera.

Kadi iko ndani ya bahasha hii, imefungwa kwenye plastiki. Mimi ninaona kamba tu. Wewe utazame.

Bibiche


Kigoma, 30 Aprili 2024

Binti yangu Bibiche,

Salamu kwako na kwa wote walio nyumbani. Kikohozi cha baba yako kinanitia wasiwasi. Mpelekeni akapigwe picha ya kifua, msiseme kitapona chenyewe.

Nimekwenda studio nilikofanya kazi, nikamwomba kijana wa sasa aniwekee picha ya kumi na moja kwenye kioo kikubwa. Nikasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa. Kijana akaniuliza, "Mzee, unasoma nini kwenye kamba?"

Mtu wa mkono wa kulia huizungusha kamba ikipanda kuelekea kulia kwake, na ncha huchomekwa chini. Nguzo ya juu, ya baba yako, imefungwa hivyo. Mimi, kwa mkono wangu huu, nilifunga kinyume: kamba inapanda kuelekea kushoto, na ncha inatokea juu kama sikio. Baba yetu alikuwa akinicheka: "Fundo la Hubert, hata samaki wanalijua." Pale mtoni hakuna mwingine aliyelifunga hivyo. Nguzo ya chini imefungwa hivyo. Kamba bado ni mbichi, ina rangi ya kijani. Sikio liko juu.

Nimejaribu kwa mkono wa kulia, kwa uzi, mezani. Fundo hilo halitokei. Lazima mkono wa kushoto ndio uongoze. Anselme hakujua kuutumia mkono wa kushoto. Hata mpira alishindwa kuurusha nao. Kamba ya porini haimalizi miaka miwili majini. Kwa hiyo alijifunza, Bibiche, na tangu hapo kila mwaka amekuwa akienda kulifunga. Sikuwahi kuhesabu miaka kwa namna hiyo. Nilidhani ni miaka ya kimya.

Sina zaidi ya hayo. Msomee barua hii au usimsomee. Wewe ndiye unayemjua. Kamera imemaliza kazi yangu. Iliyobaki ni yako, na ukitaka kuibadilisha, sasa ibadilishe kwa moyo mweupe.

Tonton wako,
Hubert


Kisangani, 23 Juni 2024

Tonton Hubert,

Salamu kutoka kwa Mama, kutoka kwa watoto, na kutoka kwangu. Tulimpeleka Papa hospitali. Ni mapafu, na yamechoka sana. Anakula kidogo, anakaa mlangoni, anasuka kidogo. Daktari amesema maji ya baridi basi, na miti basi.

Kamera sitabadilisha. Rolly amekuja mwenyewe: yeye anafanya ndani ya kanisa, mimi ninafanya nje, kwenye ngazi na barabarani, kwenye mwanga. Ananiita Madame Jumelles. Ninamwacha.

Barua yako nilimsomea jana, yote, pamoja na sehemu ya mtumbwi ya ile ya Novemba aliyokuwa hajaisikia. Kisha akaomba bahasha, akautazama mwandiko wako ulivyolalia kushoto, akaninyooshea kalamu.

"Andika," akasema. "Mwezi wa pili maji itapunguka. Aje afunge yeye mwenyewe. Mukono yangu ya kushoto imechoka."

Nikaandika. Nikamwuliza: "Papa, niongeze na salamu?"

Akasema: "Hiyo ndiyo salamu."

Binti yenu,
Bibiche