Blanketi la Namba 4117

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kwenye nyaraka! Nimerudi na vumbi puani, mgongo hauna hamu na mimi, na furaha imenijaa hadi kooni. Wenzangu wa chuo wamepangiwa kuhoji wazee mitaani. Mimi peke yangu nimepewa chumba cha nyaraka – ghorofa ya chini kabisa, dirisha moja, feni isiyozunguka. Kazi yangu ni kusoma madaftari ya wapagazi, wale waliobebeshwa risasi na unga wa wanajeshi wakati wa vita, na kuokota majina yatakayochongwa kwenye ukuta mpya wa kumbukumbu. Majina yanafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana. Waliokufa wanaingia. Waliorudi wanaingia. Makarani wao pia. Watoro hawaingii.

Nikauliza kwa nini. Mwalimu wa historia kasema ndiyo uamuzi wa kamati. Kamati! Mtu kakamatwa shambani kwake, kafungwa kamba kiunoni, kabebeshwa mzigo wa vita visivyo vyake – halafu akikimbia, yeye ndiye mkosaji?

Mtunza nyaraka ni mzee mfupi, mkali kama pilipili. Nimemwita Glavu, maana karatasi zake haziguswi bila glavu nyeupe. Anasema zimevumilia mchwa, mvua na wanasiasa, hataki zife kwa jasho langu. Nimempenda papo hapo.

Sijamwambia mtu kwamba nina namba yangu ninayoitafuta.

Jumanne, 4 Machi

Hiyo namba. Niiandike hapa, nisije nikajifanya mwanahistoria asiye na kwao. Elfu nne mia moja kumi na saba. Ni baba yake Bibi – Bibi mzaa baba, tunayeishi naye. Alikuwa bado tumboni walipomchukua baba yake. Vita vilipokwisha, mama yake akaenda ofisini na ile namba, akaulizia. Wakapekua, wakamwambia neno moja: mtoro. Basi. Tangu siku hiyo Bibi akawa binti wa mtoro. Kisimani, binti wa mtoro. Posa yake ya kwanza ilivunjika, wale watu wakasema damu ya kukimbia hawaitaki nyumbani kwao. Kazaa watoto saba na hakuna hata mmoja aliyepewa jina la babu yao. Bibi hajui kusoma neno, lakini namba anazijua zote, na ile ya 4117 anaitaja kama mtu anayetaja deni lisilolipwa.

Na hata humu ndani! Nilikuwa darasa la tano, Mama na Bibi wakagombana juu ya sufuria iliyoungua, Mama akatamka: "Kwetu sisi hatukimbii." Bibi alijipikia peke yake siku mbili nzima. Mama hana roho mbaya, ila akikasirika ulimi wake hauna breki. Na kwao kweli wana cha kujivunia. Babu yake alikuwa karani katika vita hivyohivyo, na barua aliyomwandikia mkewe ipo kwenye fremu sebuleni, juu ya redio. Mwandiko wake, acha tu! Kila t ina mstari mrefu juu unaofunika neno zima, kama nyumba na paa lake. Mama alinifundisha kuandika kwa kuufuatisha ule. Ndiyo maana t zangu ziko hivi, zimeezekwa zote.

Leo kurasa sitini. 4117 bado.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata!! Nakala iliyopigwa chapa, ukurasa wa mia moja na mbili. Jina lake. Jina la baba yake. Kijiji. Umri wa kukisia: ishirini na mbili – mwaka mmoja tu kunizidi! Msafara wa tatu, njia ya milimani. Halafu mwisho wa mstari: MTORO, tarehe 19 Juni.

Kwa hiyo ni kweli. Nililia kidogo, Glavu akanisogezea leso ili nisidondoshee karatasi. Sijui nilitegemea nini. Aliye na njaa, aliyepigwa viboko, aliyeachiwa mke mjamzito – hata mimi ningekimbia. Nilimwambia Glavu hivyo, kwa sauti ya juu kuliko ilivyotakiwa. Akasema hapingi, ila kamati haisomi machozi.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika haraka na vibaya, na iwe!

Asubuhi nilikuwa nimenuna. Nikachukua boksi ambalo hakuna anayelitaka, vitabu vya stoo: kamba, majembe, sufuria. Chini kabisa kikatoka kijitabu cha blanketi. Kila mpagazi alipewa blanketi moja lenye namba yake imeshonwa pembeni. Mtunza stoo alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, lakini mwaminifu ajabu. Aliyekimbia: "limepotea." Aliyekufa: "limerudi", na chini yake namba ya aliyepewa lilelile kesho yake. (Kulala ndani ya blanketi la maiti wa jana! Nilifunga kitabu kidogo, nikapumua, nikafungua.)

4117. Tarehe 19 Juni. Limerudi.

Nikasoma tena. Limerudi! Siku ileile aliyoitwa mtoro! Sasa mniambie: nani anatoroka milimani, kwenye baridi ya kukata masikio, halafu anapita kwanza stoo kurudisha blanketi? Aage kabisa, "Haya jamani, mimi natoroka, lishikeni lenu"?

Nilipiga kelele. Glavu akaja mbio akashika ukurasa kwa vidole vitupu. Glavu bila glavu! Hakugundua hadi saa nane.

Tukalinganisha vitabu viwili, mstari kwa mstari. Msafara wa tatu una watoro arobaini na watatu. Mablanketi kumi na mawili yamepotea – hao walikimbia kweli, Mungu awabariki, natumaini yalikuwa mazito na yenye joto. Mablanketi thelathini na moja yamerudi. Watu thelathini na mmoja wamekufa wakaandikwa wamekimbia. Glavu anasema mkuu wa msafara alitakiwa ajieleze kwa kila maiti, wakizidi ananyang'anywa msafara. Mtoro hana maelezo. Kosa ni lake mwenyewe. Kwa hiyo maiti wakapewa miguu.

Wamekufa, halafu wakaibiwa hata kufa kwao. Nina hasira na nina furaha, vyote pamoja, na sijui kipi kikae mbele. Hakukimbia, Bibi! Hakukimbia!

Jumapili, 9 Machi

Sijamwambia. Mwalimu kanionya kwa simu: usimpe mzee tumaini kabla kamati haijakubali. Lakini usoni kwangu kumeandikwa kila kitu. Bibi kaniangalia ninavyochambua mboga nikitabasamu, akauliza kama nimepata mwanamume huko chini ya ardhi.

Nikamwambia, ndiyo, nimempata.

"Ana kazi?"

"Anabeba mizigo."

"Haya, mke mwenzangu," kasema, "angalau hutapigiwa kelele za maji. Atakuchotea."

Nilicheka hadi nikaangusha sufuria. Mama alikuwa anapiga pasi, akatikisa kichwa akasema sisi wawili hatuna akili. Nyumba ilikuwa nzuri jana na leo. Baba tu ndiye hayupo, yuko safari ya kikazi mpaka mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu aliposoma kijitabu cha blanketi alisimama, akakaa, akasimama tena. Anasema miaka ishirini anafundisha, hajawahi kuona ushahidi mtamu hivi. Kamati wamekubali kuupokea! Kwa wote thelathini na mmoja! Sharti ni kuambatisha fotokopi ya daftari la awali, lililoandikwa kwa mkono, si hii ya chapa. Liko kwa mshona vitabu, linarudi Jumatano.

Na fomu ya kurasa mbili. Nimejaza yote leo isipokuwa mstari mmoja: "Aliyeandika kumbukumbu ya kwanza, kama anajulikana."

Glavu anatamani sana ajulikane. Anasema tukimjua karani, huenda na misafara mingine itafunguka. Mimi nasema nikimjua nitamtemea mate. Glavu kanikumbusha: si ndani ya chumba hiki.

Jumatano, 12 Machi

Daftari limekuja. Nimefungua ukurasa wa 4117.

Neno "mtoro" lina paa.

Maneno thelathini na moja. Yote yameezekwa. Mstari mrefu, umenyooka, hakuna wino uliomwagika hata tone.

Glavu kaniuliza mbona nimepauka. Nimesema njaa.

Alhamisi, 13 Machi

Nilijidanganya usiku kucha kwamba zamani walifundishwa wote mwandiko mmoja. Asubuhi nikasimama na fotokopi mbele ya fremu. T ileile. Hata pale mwisho ambapo mstari unainuka kidogo, kama anayenyanyua mkono kwa fahari. Na mimi huinua palepale! Naona hapa ninapoandika. Nimejaribu kuandika t fupi, mkono unakataa.

Nikamwita Mama chumbani, nikafunga mlango, nikamweleza. Blanketi, tarehe, karani. Alishika karatasi muda mrefu. Kwanza akasema haiwezekani. Halafu akasema aliamriwa, angefanya nini, angekataa naye angebebeshwa mzigo. Halafu akakaa kitandani akalia kwa kweli, na sikuwahi kumuona Mama akilia kwa jambo lisilo msiba.

"Nilimwambia kwetu hatukimbii," kasema. "Unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

Akanawa uso. Akaniomba niandike "hajulikani." Bibi apate baba yake ukutani, na yeye abaki na babu yake. Jina lake tayari liko kwenye orodha, safu ya makarani. Wote ukuta mmoja, kuna ubaya gani? Na kama Bibi atajua, je, kesho watakula sahani moja vipi?

Darasani nilikuwa mkali sana! Niliandika insha nzima kuhusu dhuluma, kurasa kumi na nne, nikapata alama za juu, na humo dhalimu alikuwa mtu wa mbali, ana kofia na bunduki. Hakuwa na barua sebuleni. Hakuwa ameniachia mimi mwandiko. Na ninamwonea huruma pia, hilo ndilo linaloniudhi. Kijana wa watu, kalamu mkononi, mkuu amesimama mgongoni kwake, maiti wamelazwa nje. Lakini kuandika vizuri hivyo! Hata uongo hukuutia doa, babu!

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika jikoni, maji yako motoni.

Mama alitoka mapema kwenda sokoni. Nadhani alitaka nijaze fomu bila macho yake. Fomu ipo mezani sebuleni, imejazwa, bado ule mstari. Nikaona Bibi amekaa kitini pake, ameshapaka mafuta, anaota jua la dirishani, na sikuweza. Kamati iseme inavyotaka! Ana miaka themanini na kitu, kwa nini asubiri hata hadi saa sita?

Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote ya blanketi. Polepole. Nikamwekea fotokopi ya daftari mapajani. Akatafuta namba mwenyewe, kidole kikashuka, nne, moja, moja, saba. Kikasimama.

"Lilirudi," kasema.

"Lilirudi, Bibi."

"Kwa hiyo yeye alikuwa hapohapo."

"Hapohapo. Hakwenda popote."

Akapiga kigelegele! Peke yake, kwa sauti ile nyembamba, hadi jirani akaita ukutani kuuliza kuna arusi? Bibi akamjibu kwa kelele kwamba kuna baba. Akacheka, akalia, akanipiga begani, akacheka tena. Akasema mama yake alikufa akiamini ameachwa. Tulishikana mikono tukawa tunatikisana tu kama watoto. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na hata sasa inanichoma vidole.

Halafu akauliza lipi ndilo neno lenyewe, lile walilomwandika. Nikamwonyesha. Niliona kosa langu kidole changu kikiwa tayari kwenye karatasi.

Hajui kusoma. Lakini aliweka ukucha mwanzoni mwa ule mstari wa juu akaufuata taratibu mpaka mwisho, pale unapoinuka. Akaufuata tena. Kisha akanyanyua macho, akatazama juu ya redio. Kiti chake kinatazama huko miaka thelathini.

Akatazama fomu, mstari ule mtupu, kalamu yangu juu yake. Akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu. Hebu niteremshie ile fremu."

Nikasema, ngoja kwanza niweke maji ya chai. Chai! Mwoga mimi. Ndiye mimi niliyetaka kumtemea mate mtu.

Maji yanachemka. Geti limelia, Mama amerudi. Na huko sebuleni nasikia miguu ya kiti inaburutwa sakafuni – hakusubiri, anapanda mwenyewe! Mfuko wa Mama umeanguka mlangoni. Sasa sauti yake, si ya ukali, sijui niiite ya nini:

"Shuka, Mama, utaanguka. Shuka. Nakuteremshia mimi."