Usiisafishe Picha, Baba

3 Aprili
Binti yangu,
Mimi mzima, ila goti ni lilelile. Wewe na huyo aliye tumboni mwaendeleaje?

Tangazo limebandikwa posta: tarehe mosi Julai tunakabidhiwa kwa serikali mpya. Anayetaka kubaki na uraia na pasipoti ya zamani apeleke fomu na picha mbili, mwisho tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni. Asiyepeleka atakuwa raia wa hao wapya, apende asipende. Basi studio yangu imefurika mpaka barazani. Usihofu, mpiga picha atakosaje picha yake? Agosti nitakuwa hapo kumpokea mjukuu.
Baba yako

11 Mei
Shikamoo baba,
Afya ninayo, usingizi ndio sina. Nimeuliza uhamiaji huku. Kwa pasipoti ya zamani unaingia bila viza. Hiyo mpya bado hawaitambui, na hawajui wataitambua lini. Mama hayupo tena, na mume wangu yuko safarini wiki hadi wiki. Naogopa kujifungua peke yangu, baba.

Peleka sasa hivi. Na tafadhali, usiisafishe picha! Nakujua wewe na kile kibrashi chako. Picha yangu ya harusi ulinifuta hata doa la shavuni, mama mkwe akauliza huyu nani. Lile kovu la kipaji cha uso, nililokutia utotoni kwa gari langu la bati, liache palepale.
Mwanao

26 Juni
Mwanangu,
Natumaini u mzima kuliko mimi. Barua yako imechelewa njiani, imefika leo, na dirishani pa kupokelea fomu nilikwenda jana. Nilidhani kovu litanifanya nionekane jambazi, nikalifuta, nikanyoosha na mikunjo kidogo. Karani akatazama picha, akanitazama. "Mzee, mlete mwenye picha hii." Foleni nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka nao.

Nimepiga nyingine. Nimeambiwa nirudi tarehe thelathini. Niombee.
Baba yako

9 Julai
Shikamoo baba,
Imekuwaje? Simu za huko hazipiti. Nimeona kwenye televisheni bendera ikishushwa, nikakutafuta kwenye ule umati mpaka macho yakauma. Niandikie hata mstari mmoja.
Mwanao

21 Julai
Marahaba mwanangu,
Nimekaa na kalamu hii siku nyingi, nikashindwa pa kuanzia.

Siku ile walibaki watu wanne mbele yangu. Aliyekuwa dirishani ni jirani yetu mshonaji, yule aliyekushonea sare za shule. Picha yake ikakataliwa, masikio hayaonekani. Na picha ile nilipiga mimi. Akakaa chini analia, wanawe wote wako huko ng'ambo. Ningefanyaje? Nikatoka kwenye foleni nikaenda naye studio. Tuliporudi, karani alimpokea palepale. Mimi nikaambiwa nianzie mkiani, na saa kumi ilipogonga dirisha likafungwa.

Nisamehe, mama. Niliahidi, na Agosti sitakuwepo. Naumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Humu kwenye bahasha mna zile picha mbili, sina tena wa kumpelekea. Mtoto akizaliwa, mwonyeshe, umwambie huyu ndiye babu yako, na kovu hili alitiwa na mama yako. Picha hii sikuigusa hata kidogo.
Baba yako