Kucha za Mwalimu Yunis

Jumapili, mchana. Kimara kuna mawingu lakini joto halijapungua hata chembe. Nimetoka kanisani, nimevua viatu mlangoni, nimejilaza sakafuni kwa sababu simenti ndiyo kitu pekee chenye ubaridi humu ndani. Kiuno kinaniuma kama cha bibi kizee.

Nimechoka mpaka kuongea naona uvivu. Ndiyo maana naandika.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mie ni Anitha, fundi kucha mpya kwenye saluni moja huku kwetu. Nilianza kwa kuosha vichwa. Dada aliyekuwa anapaka kucha alipoolewa akahama, bosi wangu Mama Swabra akanipa meza yake. Mama Swabra kazaliwa kwenye biashara, babu yake alikuwa na duka, baba yake duka, yeye saluni. Hana roho mbaya. Ila sauti yake haijui kunong'ona, na mteja akilalamika, kwake ni kama nyumba inaungua.

Mteja ninayetaka kumsimulia leo ni Mwalimu Yunis. Anafundisha shule ya msingi jirani na saluni, anaishi Kinyerezi, umri wake ni kama wa mama yangu mdogo. Mpole, shikamoo anaipokea kwa kutabasamu. Mara ya kwanza nilimpaka jeli ya rangi ya damu ya mzee. Hata wiki haijaisha akarudi, zimebanduka.

Ile nakubali, ilikuwa yangu. Nilipaka tabaka nene nikidhani nene ndiyo imara. Kwenye taa ya kukaushia ikajikunja kama utando wa maziwa, nami nikapaka ya kung'arisha juu yake nikanyamaza. Halafu nilikuwa nimeigusisha ngozi ya pembeni ya kucha. Jeli ikishika ngozi lazima iachie, inaanzia pale pale.

Mara ya pili nilifanya kazi kama ninatibu mtu. Nikasukuma ngozi taratibu, nikasugua kucha kuondoa mng'ao, nikafuta kwa spiriti, nikaweka rangi ya chini nyembamba kama haipo, nikaziba hadi ncha. Kila tabaka nikaliacha kwenye taa mpaka taa izime yenyewe. Zilitoka nzuri, nikapiga hadi picha.

Akarudi tena. Mkono wa kushoto hauna rangi karibu wote.

Siku hiyo Mama Swabra alinivuta kwenye kona ya madraya ya kukaushia nywele. "Anitha, huyu akirudi tena zimebanduka, unarudi kwenye sinki kuosha vichwa. Meza nampa mwingine. Sie hapa hatujifunzii kwenye mikono ya watu."

Basi wiki nzima nimekuwa mpelelezi. Nilishuku taa, maana umeme wetu siku nyingine unakuja umelegea, jeli haikauki ndani. Nilishuku chupa. Nikajipaka mwenyewe kwa chupa ile ile na taa ile ile, nikafua mashuka, nikaosha masufuria kwa steli waya. Zimekaa. Wateja wengine wote zimekaa. Nikawaza labda kucha zake zina mafuta, labda mikono yake inatoka jasho, labda kuna dawa anakunywa. Nilifika mahali nikaishuku chaki. Nilikaa kabisa na simu natafuta kama chaki inaharibu jeli.

Jana akaja.

Jumamosi saluni inakuwa imejaa, watu wana sherehe zao. Nilimkalisha, nikatandika taulo, nikashika mkono wake. Safari hii sikukimbilia kutoa rangi iliyobaki. Niliangalia kwanza.

Jeli ikiachia yenyewe inatoka kama ganda, kucha chini inabaki laini. Hizi zilikuwa na madoa meupe, zimekwaruzika, tabaka la kucha limeondoka pamoja na rangi. Zilivutwa. Halafu mkono wa kushoto ulikuwa umeharibika wote, wa kulia vidole viwili tu. Na Mwalimu ni mtu wa mkono wa kulia.

Bado nikasita. Unamwambiaje mtu mzima kitu kama hicho?

Simu yake ikaita pale mezani. Akaangalia jina, hakupokea mara moja. Nikaona kidole gumba cha kulia kinaingia chini ya kipande cha rangi kilichobaki kwenye kidole cha pete cha kushoto, kinakinyanyua polepole. Macho yake yote yako kwenye simu. Mkono unafanya kazi peke yake.

Akapokea, simu kaibana begani. "Eeh, jirani... Katoka tena? Mmempata wapi?... Haya, mwingize ndani, funga geti. Nikimaliza tu hapa nakuja."

Kipande cha rangi kikaanguka kwenye taulo langu.

Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake. Sikupanga, ilitokea tu.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya chini, "ni wewe unazibandua."

Alikitazama kile kipande kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzie kwenye mkoba wake.

"Ni mama yangu," akasema. "Naishi naye. Akili imeanza kumpotea. Nikitoka tu, naye anatoka, anasema anarudi kwao Njombe. Kwa miguu, Anitha. Jirani ndiye ananiangalizia. Sasa simu ikilia, mie huku nakufa."

Nikamuuliza ndugu zake wanasemaje.

"Wanasema wananiombea."

Nilichukua mkasi nikaanza kumkata kucha, zikawa fupi kabisa. Nikamwambia leo sipaki jeli, kucha zimekuwa nyembamba mno, nikizisugua tena zitamuuma hata kwenye maji ya moto. Akaitikia kwa kichwa. Nikampaka mafuta, nikawa namsugua kidole kimoja kimoja.

"Sikuja kukulalamikia," akasema. "Siku ile nilisema zimebanduka kwa sababu bosi wako aliniuliza. Mie nilitaka kurudi tu. Nikitoka shule ni mama, nikitoka kwa mama ni shule. Hapa ndipo ninapokaa chini, kuna mtu kanishika mkono."

Nikaendelea kusugua.

Ndipo Mama Swabra akatokea nyuma yangu.

"Zimebanduka tena? Mungu wangu! Mara hii tatizo nini?"

Vichwa vyote chini ya madraya vikageuka. Wawili kati yao ni wazazi wa wanafunzi wa Mwalimu, walikuwa wamemsalimia wakati anaingia. Mkono wake ukakakamaa ndani ya mikono yangu, baridi.

Ningesema ukweli, ningebaki na meza yangu. Na kabla jua halijazama mtaa mzima ungejua kwamba Mwalimu Yunis anajinyofoa kucha na mama yake anapotea barabarani.

"Ni mie, mama," nikasema. "Nilizisugua sana, zimekuwa nyembamba. Inabidi zipumzike."

Mama Swabra alimwomba mteja radhi, vizuri kabisa, kwa adabu zake zote. Kisha akanigeukia. "Jumatatu, sinki." Akaenda zake kumwangalia bibi harusi.

Naomba niwe mkweli hapa, hakuna anayenijua. Nilitegemea Mwalimu aseme kitu. Neno moja tu. Aseme binti huyu hana kosa, basi, bila kueleza lolote. Hakusema. Aliinama akatafuta viatu vyake, na mie nikashikwa na hasira. Meza ile nimeihangaikia. Nimeinama juu yake mpaka kiuno kimekuwa si changu.

Nilimsindikiza mlangoni kwa sababu ndivyo tunavyofanya kwa kila mteja.

Akasimama kizingitini, simu mkononi. Hakunitazama usoni. "Nimeshindwa kufungua mdomo," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Hamna shida, Mwalimu. Wahi nyumbani."

"Jumamosi utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Ila kwenye sinki."

Akapitisha vidole vyake vyenye kucha fupi kwenye nywele zake, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Basi nitakuja kuosha kichwa."

Akaondoka anakaribia kukimbia.

Leo mahubiri yamenipita. Nilikuwa napanga namna ya kumwambia Mama Swabra kwa faragha, halafu nikakumbuka kwamba kwake faragha haipo, hata siri zake mwenyewe anazisimulia huku anasuka. Labda angeelewa. Labda angelia kabisa. Kisha angemwelezea mteja anayefuata jinsi alivyolia.

Sijui kama nilimlinda Mwalimu au nilishindwa tu kubishana na mkubwa. Vyote viwili vinawezekana. Na sijui nani anamwangalia yule mama saa hizi, Jumapili hii, wala kama Mwalimu mwenyewe amelala hata kidogo.

Hasira imepungua, uchovu uko pale pale. Sinki nalijua. Maji yanaingia mikononi mpaka kwenye viwiko, shampuu inakula ngozi, na mtu ukisimama kutwa miguu inavimba. Nitalirudia. Meza ya kucha sijaisahau, nitaiomba tena mambo yakipoa.

Ila Jumamosi Mwalimu akija, atalaza shingo yake pale, atafumba macho, na simu yake nitaiweka mahali ninapoisikia mie.

Kichwa chake sitakiharakisha.